Kwa Nini Wavuvi wa Fukushima Walikataa Maji ya Mionzi

Msomaji wetu mmoja, mvuvi wa pwani ya kusini, ametuletea swali. Anasema amesikia redioni kwamba Wajapani wanamwaga baharini maji yaliyotoka katika kinu cha nyuklia kilichoharibika. Amesikia pia kwamba wavuvi wa huko wanakataa. Anauliza: "Bahari ni kubwa mno. Mto Rufiji humwaga matope yake kila masika, na baada ya siku chache maji ni safi tena. Sasa wenzetu hao wanalalamikia nini? Na sisi huku, tule samaki au tuache?"

Ndugu mvuvi, swali lako ni zuri. Tuanze na la mwisho ili upate usingizi. Kula samaki wako. Maji hayo yanamwagwa katika Bahari ya Pasifiki, mbali sana na Bahari yetu ya Hindi. Tunajua hofu hiyo haikuanza leo. Mwaka 2011 zilienea hapa nchini habari za samaki wa kutoka Japani waliodhaniwa kuwa na mionzi, na akina mama wengi waliogopa kununua samaki wa barafu.

Lakini neno lako "bahari ni kubwa" ndilo linalotufanya tuandike safu hii. Wavuvi wa Fukushima waliambiwa neno hilo hilo. Wao wakajibu kwamba bahari ni kubwa kweli, lakini sehemu wanayovua wao ni ndogo, na iko mbele ya bomba.

AJALI ILIVYOTOKEA

Kinu cha nyuklia ni kama sufuria kubwa ya kuchemsha maji. Maji yakichemka hutoa mvuke. Mvuke huzungusha mashine, na mashine hutoa umeme. Badala ya kuni, ndani ya kinu kuna fito zenye madini ya urani.

Hata hivyo, iko tofauti moja kubwa. Kuni ukizitoa jikoni, moto hufa. Fito za urani hazifi hivyo. Hata kinu kikizimwa, fito huendelea kutoa joto kwa miaka mingi. Kwa hiyo ni lazima zipozwe kwa maji, mchana na usiku. Maji yakikosekana, fito huyeyuka.

Kinu cha Fukushima Daiichi kipo pwani ya mashariki ya Japani, kaskazini ya mji mkuu Tokyo. Kilianza kutoa umeme mwaka 1971. Ni mali ya Kampuni ya Umeme ya Tokyo. Kilikuwa na sufuria sita, na tuziite hivyo hivyo ili tuelewane.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Japani, lilitokea tetemeko kubwa la ardhi chini ya bahari. Baada ya muda mfupi bahari iliinuka. Wakazi wa pwani yetu wanaokumbuka tarehe 26 Desemba 2004 wanajua jambo hili. Huitwa tsunami. Hapo Fukushima mawimbi yalifika kimo cha meta 14 hivi, yaani karibu kimo cha mnazi. Yaliruka ukuta wa kuzuia bahari. Umeme ulikuwa umekwisha kukatika kwa tetemeko, na sasa maji ya bahari yakafunika mashine za akiba. Pampu zikasimama. Sufuria tatu kati ya sita zikayeyuka ndani.

Katika Japani nzima watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea kwa sababu ya tetemeko na mawimbi hayo. Karibu na kinu, watu zaidi ya 150,000 waliacha nyumba zao kwa kuogopa mionzi. Mashamba yalibaki bila kulimwa. Ng'ombe walibaki zizini. Uvuvi wa Fukushima ulisimama kabisa.

MAJI HAYO YANATOKA WAPI?

Fito zilizoyeyuka bado zimo chini ya kinu. Zimeganda pamoja na vyuma na saruji, uzito wa tani 880 kwa makadirio. Zinapozwa kwa maji hadi leo. Maji yanayozigusa huchukua mionzi. Isitoshe, mvua huingia kupitia mapaa yaliyobomoka, na maji ya ardhini kutoka milimani huingia kupitia nyufa. Yote yakifika chini huchanganyika na maji machafu.

Hapo mwanzo, maji mapya machafu yalikuwa mamia ya tani kila siku. Kampuni ilizungushia majengo ukuta wa barafu. Si mzaha. Walitia mabomba ardhini, wakapitisha humo dawa ya baridi kali, udongo ukaganda kama barafu kwa urefu wa kilometa moja na nusu. Maji yalipungua, lakini hayakwisha.

Maji hayo yaliwekwa katika matangi makubwa ya chuma. Kila tangi likijaa, lilijengwa lingine. Mwisho matangi yakapita 1,000, na maji yakafika tani milioni 1.3. Tani moja ya maji ni mapipa matano ya lita 200. Piga hesabu mwenyewe. Ni mapipa zaidi ya milioni sita.

Matangi nayo hayakuwa salama sana. Mwezi Agosti 2013 tangi moja lilivuja maji machafu kiasi cha tani 300. Mwaka huo huo ilikubaliwa pia kwamba maji ya ardhini yenye mionzi yalikuwa yakipenya kwenda baharini kila siku. Wavuvi walisikia habari hizo baada ya wengine kuzijua. Hilo halikuwapendeza, nasi hatuwalaumu.

MIONZI NI KITU GANI?

Mionzi haionekani kwa macho. Haina harufu wala ladha. Hutoka katika vitu ambavyo chembe zake hazijatulia. Kila chembe inapovunjika hutoa cheche ndogo. Cheche hiyo ikipita ndani ya mwili inaweza kuharibu chembe hai. Zikiwa chache, mwili hujitengeneza. Zikiwa nyingi, zinaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Zikiwa nyingi mno kwa mara moja, huua.

Cheche hizo huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho bekereli. Bekereli moja ni chembe moja kuvunjika kila sekunde. Usishtuke ukisikia namba kubwa. Hata mwili wako mwenyewe una bekereli 4,000 hivi, kwa sababu ya madini yaliyo katika vyakula vyetu, kama ndizi na maharage. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuuliza daima: ni kiasi gani, na ni mionzi ya kitu gani?

Vitu vyenye mionzi havifanani. Kipo kiitwacho siziamu. Mwili hukidhani kuwa ni madini ya kawaida ya chakula, ukakipeleka katika nyama. Kipo kiitwacho strontiamu. Mwili hukidhani kuwa ni chokaa, ukakipeleka katika mifupa, na huko hukaa miaka. Nguvu ya kila kimoja hupungua nusu baada ya miaka 30 hivi. Samaki anayelala chini mchangani, kama wayo, na samaki anayekaa miambani, hupata siziamu kuliko samaki anayepita na mkondo.

Cha tatu huitwa tritiamu. Hiki ndicho kilicholeta mabishano makubwa. Chumvi ukiichanganya na maji, unaweza kuitenga tena. Chemsha maji, yatakwenda, chumvi itabaki sufuriani. Tritiamu huwezi kuitenga hivyo, maana haikuchanganywa na maji. Yenyewe imekuwa sehemu ya maji. Ukichemsha, nayo inakwenda na mvuke.

Heri yake ni kwamba cheche zake ni dhaifu, hazipenyi hata ngozi. Ukiinywa, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo na jasho, na nusu yake huwa imetoka kwa muda wa siku 10 hivi. Sehemu ndogo hushika katika nyama na mafuta ya mwili, ikakaa zaidi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu.

WALICHOSEMA WENYE KINU

Kampuni ilijenga mtambo wa kuchuja maji hayo. Mtambo huo unaweza kuondoa aina 62 za vitu vyenye mionzi, siziamu na strontiamu zikiwemo. Tritiamu hauiondoi. Basi tarehe 13 Aprili 2021 serikali ya Japani ilitangaza uamuzi wake. Maji yatachujwa, yatachanganywa na maji mengi ya bahari, kisha yatamwagwa kidogo kidogo kupitia njia iliyochimbwa chini ya bahari, urefu wa kilometa moja hivi kutoka ufukweni. Kazi hiyo itachukua miaka 30 hivi.

Serikali iliweka mpaka. Kila lita ya maji yanayomwagwa isizidi bekereli 1,500 za tritiamu. Ili upate kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linataja bekereli 10,000 za tritiamu kwa lita kama kipimo cha maji ya kunywa. Mwezi Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa ripoti. Lilisema mpango huo unalingana na taratibu za usalama za kimataifa, na kwamba madhara kwa watu na viumbe yatakuwa madogo mno. Wenye kinu walisema pia kwamba vinu vya China, Korea Kusini na Ufaransa humwaga tritiamu baharini kila mwaka, na vingine humwaga nyingi zaidi.

Yote hayo ni kweli. Safu hii ni ya afya, na haitakuficha ukweli ili kukutia hofu. Tarehe 24 Agosti 2023 maji yalianza kumwagwa. Awamu ya kwanza ilikuwa tani 7,800 katika siku 17. Tangu hapo vipimo vya maji ya bahari karibu na bomba vimebaki chini ya mipaka iliyowekwa.

Sasa kama ni hivyo, kwa nini wavuvi walikataa?

"KUELEWA" SIYO "KUKUBALI"

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2015. Wakati huo kampuni ilitaka kupampu maji ya ardhini yaliyo karibu na majengo, kuyasafisha, na kuyamwaga baharini. Ilihitaji wavuvi wakubali. Wavuvi wa Fukushima, kwa kupitia chama chao cha ushirika, waliumia moyo lakini wakakubali ili kusaidia kazi ya kusafisha kinu. Ila waliomba ahadi. Yale maji mengine, yaliyo katika matangi, yasimwagwe bila wao.

Ahadi ilitolewa kwa maandishi, na serikali pamoja na kampuni. Ilisema kwamba maji ya matangi hayatatolewa kwa njia yoyote bila wahusika kuelewa.

Tazama neno hilo "kuelewa". Wavuvi walilisoma kwamba hakuna kumwaga mpaka sisi tuseme ndiyo. Miaka ilipita. Serikali iliita mikutano, ikaleta wataalamu, ikachapa vitabu vya picha. Mwisho ikasema kwamba sasa wavuvi wameelewa kwa kiasi fulani. Tarehe 21 Agosti 2023 Waziri Mkuu Fumio Kishida alikutana na Masanobu Sakamoto, kiongozi wa vyama vya wavuvi vya Japani yote. Sakamoto alisema wavuvi wanaelewa zaidi sasa hoja za usalama, lakini bado wanapinga. Kesho yake serikali ikatangaza tarehe ya kumwaga. Siku mbili baadaye bomba likafunguliwa.

Mimi nikikueleza kwa nini nataka kupitisha njia katikati ya shamba lako, unaweza kunielewa vizuri sana. Unaweza hata kurudia maneno yangu yote. Je, umenipa shamba? Hapo ndipo ulipo ugomvi wa Fukushima. Bekereli zinakuja baadaye.

MAMBO YALIYOHARIBU IMANI

Mwezi Agosti 2018 jambo lingine lilijulikana. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameambiwa kwamba maji ya matangi yamechujwa, kilichobaki ni tritiamu tu. Sasa ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya maji hayo bado ilikuwa na vitu vingine kupita mipaka ya kumwagwa, strontiamu ikiwemo. Kampuni ilisema yatachujwa tena. Pengine yatachujwa vizuri. Lakini mtu aliyekuambia gunia limejaa mchele, ukafungua ukakuta pumba, siku ya pili utalifungua gunia mbele yake.

Mwezi Mei 2023, miezi mitatu kabla ya kumwaga, samaki wa miambani alivuliwa ndani ya bandari ya kinu. Alikutwa na bekereli 18,000 za siziamu kwa kilo moja. Mpaka wa chakula huko Japani ni bekereli 100. Samaki huyo alikuwa mle mle bandarini, mahali palipozungushiwa nyavu ili samaki wasitoke, na uchafu wake ni wa ile ajali ya 2011. Hakuchafuliwa na bomba jipya. Lakini muuza samaki wa Tokyo hana muda wa kueleza hayo yote kwa mnunuzi. Mnunuzi akisikia Fukushima, anahamia meza ya pili.

Hilo ndilo waliloliogopa zaidi. Tangu mwaka 2012 walikuwa wamevua kwa majaribio tu, siku chache, aina chache, kila samaki akipimwa. Majaribio hayo yaliendelea hadi mwezi Machi 2021. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kumwaga. Mvuvi aliyengoja miaka kumi kuuza wayo, pweza na dagaa wake kwa bei ya kawaida, aliona mlango unafungwa tena usoni.

Na kweli, siku ile ile maji yalipoanza kumwagwa, China ilipiga marufuku vyakula vyote vya baharini kutoka Japani. Walioumia sana walikuwa wavuvi wa chaza wa kaskazini ya mbali, watu ambao hawana hata kinu hicho. Serikali ya Japani ilitenga yeni bilioni 80 za kuwasaidia wavuvi. Fedha ni msaada. Lakini kijana hajifunzi kutupa nyavu kwa kupokea fidia.

Korea Kusini, wiki chache kabla, watu walikimbilia madukani kununua chumvi ya bahari na kuiweka akiba, mpaka bei ikapanda. Katika kisiwa cha Jeju, wako wanawake ambao kazi yao ni kupiga mbizi bila mtungi wa hewa, wakitafuta chaza, pweza na mwani. Wengi ni bibi wenye umri mkubwa. Nao waliandamana. Akina mama wa Unguja na Pemba wanaolima mwani watawaelewa upesi. Mtu anayefanya kazi akiwa ndani ya maji hapendi kuambiwa kwamba maji ni suala la wataalamu.

WAJAPANI WENYEWE WALIWAHI KUKATAA

Iko historia ambayo haifai kusahauliwa. Katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba tangu mwaka 1932 hadi 1968. Samaki walikula sumu, watu wakala samaki. Paka walianza kuruka ovyo na kujitupa baharini. Watu walitetemeka, wakashindwa kusema, watoto wakazaliwa walemavu. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Serikali ilikubali sababu yake mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Zebaki siyo tritiamu. Zebaki hujikusanya kutoka kiumbe kidogo hadi kikubwa, na tritiamu ya maji haifanyi hivyo. Lakini mvuvi wa Japani akiambiwa "hakuna neno, bahari itachanganya," anaikumbuka Minamata.

Mwezi Oktoba 1993 meli ya Urusi ilimwaga tani 900 hivi za maji yenye mionzi katika bahari iliyo kati ya Urusi na Japani. Japani ililalamika kwa nguvu. Urusi ikaahirisha safari ya pili. Mwezi uliofuata mataifa yaliyokutana London yalikubaliana kupiga marufuku kabisa kutupa taka za mionzi baharini kwa meli. Japani leo inasema kwamba marufuku hiyo ni ya meli, na bomba linalotoka nchi kavu ni jambo lingine. Kisheria wanaweza kuwa na hoja. Samaki, hata hivyo, hajui tofauti ya meli na bomba.

Na zamani kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Japani ilipanga kutupa mapipa ya taka za mionzi katika kilindi cha Pasifiki, upande wa visiwa vya Mariana. Wananchi wa visiwa walikataa. Visiwa hivyo vya Pasifiki vinajua mionzi. Katika Visiwa vya Marshall, Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia kati ya mwaka 1946 na 1958. Watu wa Mariana waliandika barua, wakatuma wajumbe hadi Tokyo. Mwaka 1985 Waziri Mkuu Yasuhiro Nakasone alisema mpango huo hautaendelea bila kuujali wasiwasi wa watu wa visiwa. Mapipa hayakutupwa. Basi kukataa siyo kazi bure.

JE, KULIKUWA NA NJIA NYINGINE?

Zilitajwa. Wapo waliosema yajengwe matangi makubwa zaidi, kama yale ya kuhifadhia mafuta, na maji yakae humo. Tritiamu ikikaa miaka 60 hivi, hubaki sehemu moja kati ya 32 tu. Ardhi iliyoachwa wazi jirani na kinu ipo. Wengine walisema maji yachanganywe na saruji na mchanga, yawe zege, yafukiwe. Nchi za visiwa vya Pasifiki, kwa kupitia umoja wao, ziliteua wanasayansi watano kuchunguza mpango huo. Wanasayansi hao walisema habari walizopewa kuhusu maji ya matangi hazitoshi, wakaomba kumwaga kuahirishwe. Wenye kinu walijibu kwamba matangi yanaziba nafasi inayohitajika kwa kazi ya kuondoa fito, na kwamba tetemeko lingine linaweza kuyapasua.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama kazi yenyewe ya kuondoa fito. Mwezi Novemba 2024, miaka 13 baada ya ajali, walifanikiwa kutoa kipande cha kwanza. Uzito wake haukufika gramu moja. Zimebaki tani 880. Na wakati wote zikiwa pale, maji mapya machafu yanaendelea kupatikana kila siku. Kwa hiyo mtu anapotaja miaka 30 ya kumwaga, ni haki kumwuliza hesabu hiyo ameipataje. Mwandishi wa safu hii anaona kwamba wavuvi walikuwa na haki kusema: ngojeeni kwanza.

Hata lile Shirika la Nguvu za Atomiki liliandika katika ripoti yake kwamba halipendekezi mpango huo wala haliuungi mkono, bali limepima usalama wake tu. Uamuzi, lilisema, ni wa serikali ya Japani.

NA HUKU KWETU?

Huku hakuna bomba la namna hiyo. Lakini jambo hili limekwisha bisha hodi jirani. Serikali ya Kenya ilipanga kujenga kinu cha nyuklia pwani, katika kaunti ya Kilifi, karibu na kijiji cha Uyombo. Kinu kama hicho hujengwa kando ya maji kwa sababu kinahitaji maji mengi ya kupoza, na maji hayo hurudi yalikotoka yakiwa ya moto. Wavuvi wa Uyombo waliuliza juu ya samaki wao, juu ya mikoko ya Mida, juu ya kasa na matumbawe ya Watamu ambayo watalii huyafuata. Mwaka 2024 waliandamana. Baadaye macho ya wapangaji yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ziwa lile lile ambalo ndugu zetu wa Mara, Mwanza na Kagera wanavua sato na sangara.

Ndugu mvuvi, sikuambii ukatae kila mtambo. Umeme tunauhitaji. Lakini siku mgeni akija kijijini na ramani yenye mstari unaoingia baharini, muulize maji yatakayopita hapo yamegusa nini. Muulize nani atayapima, na kama kijiji kinaweza kuleta mpimaji wake. Muulize njia nyingine zilizofikiriwa ni zipi. Akikupa ahadi, iandikwe, isomwe mbele ya mkutano wote, na kila neno lifafanuliwe kabla ya kutia sahihi. Uliza hasa kama imeandikwa "kuelewa" au "kukubali". Wewe sasa unajua kusoma.

Wavuvi wa Fukushima hawakukaa kimya baada ya bomba kufunguliwa. Mwezi Septemba 2023 watu zaidi ya 100, wavuvi na wakazi, walifungua kesi mahakamani huko Fukushima kutaka umwagaji usimamishwe. Mwezi huo huo, msimu wa kukokota nyavu ulipoanza, boti zilitoka kama kawaida. Samaki wakishushwa, chama cha ushirika huchukua sampuli ya kila aina na kuipima chenyewe. Mpaka wa serikali ni bekereli 100 za siziamu kwa kilo. Wavuvi wamejiwekea mpaka wao wenyewe wa bekereli 50, na aina inayozidi hapo haiendi sokoni.